Jabali la Ng'ambo ya Kwetu

Newala, Mtwara

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote vaa miwani yako, ile uliyoifunga uzi, kisha ukae. Najua umekwisha mwona aliyeileta barua hii, na najua umemtambua. Naomba usimwambie neno lolote, zuri wala baya, mpaka ufike mwisho wa ukurasa wa mwisho. Nimemwambia asubiri, naye kwa uvumilivu ananishinda mbali. Tena barua hii usimpe Baba Mkubwa akusomee. Isome mwenyewe, polepole, kama unavyosoma Zaburi zako.

Hujambo lakini? Goti la kushoto linaendeleaje? Mpunga umeota, au mvua imewadanganya tena? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Nauliza haya yote huku nikijua kwamba nina kosa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hata akiwa na kosa mkononi husalimia kwanza.

Mimi ni mzima. Newala ni ile ile. Huku juu maji tunayanunua kwa ndoo, na asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, nafundisha watoto nisiowaona vizuri. Juzi nilikuwa na somo la maziwa ya Afrika. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza kama kweli kuna maji ambayo mtu akisimama upande huu haoni upande wa pili. Nikamwambia nimekulia kando yake. Akauliza, sasa mwalimu ulitoka huko ukaja hapa kufanya nini. Darasa likacheka, nami nikacheka, ila jioni nikipima maji ya kuogea kwa kopo swali lile nilikuwa bado nalitafutia jibu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Likizo iliyopita nilikwambia kwa simu kwamba sitakuja kwa sababu nimechaguliwa kusahihisha mitihani. Haikuwa kweli. Nilikuwa Mwanza, Mama, wiki tatu na siku mbili, nikikaa Pasiansi nyumbani kwa Mzee Magesa. Kutoka pale mpaka kwetu Magu ni safari ya asubuhi tu. Mara mbili nilifika stendi nikarudi. Mara moja nilifika mpaka Kisesa, nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji, nikageuka nazo. Nilikuja kufunga ndoa na Masatu, na nimeifunga.

Weka barua chini kidogo upumue. Hata mimi nimesimama hapa nikanywa maji kabla ya kuendelea.

Siku ya kujitambulisha unaikumbuka, lakini acha niisimulie kama nilivyoiona mimi, kwa sababu hatujawahi kuizungumza. Masatu alikuja na watu wawili: Mzee Magesa, fundi aliyemlea na kumfundisha kazi ya injini za boti, na mkewe Mama Neema. Hakuwa na wengine. Mama yake alikufa Masatu hajaanza shule, bibi yake aliyemchukua kule Majita akafa naye, na baba hakumjua kabisa. Hayo yote nilikuwa nimeyaeleza mapema. Lakini tangu Baba atutoke, Baba Mkubwa ndiye msemaji wetu, naye alipanga viti ishirini upande wa wageni, kwa heshima, alisema. Wageni walipokaa wakawa watatu, akaagiza viti vilivyobaki viondolewe. Vikaondolewa kimoja kimoja, vikapitishwa mbele ya macho yao. Ndipo akauliza, "Wewe kijana, watu wako wako wapi?"

"Ndio hawa, mzee."

"Hao ni wawili. Mimi nauliza watu."

Wajomba wakacheka. Masatu akatazama mikono yake, ile ambayo oili haitoki hata aisugue vipi. Baba Mkubwa akaendelea: binti yetu akiugua nani atakaa naye, wewe ukifa tutamfuata nani, nenda katafute watu, ukiwapata urudi. Na nikiri, Mama, swali lenyewe halikuwa la kijinga. Mtu asiye na watu anatia wasiwasi, nami kama ningekuwa na binti ningeuliza. Kilichoniuma ni vile viti. Kingine kilichoniuma ni kwamba wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la wali mikononi, ukanyamaza kama maji mtungini. Wageni waliondoka bila kula. Wali ule waliumaliza wajomba.

Niliporudi huku Newala, Masatu akanipigia simu akasema amepata dawa. Atakodi watu. Amekwisha ongea na mafundi wenzake wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki: watavaa makoti, mmoja awe mjomba, mwingine baba mdogo, na kuna mama muuza chai aliyekubali kuwa shangazi kwa siku moja. Nilitaka kucheka nikashindwa.

"Sitaki ukoo wa kuazima," nikamwambia. "Koti likirudi kwa mwenyewe, na mjomba naye anaondoka."

Halafu akasema, "Sasa tufanyeje, Mwalimu?" Ananiita Mwalimu akiishiwa maneno.

Nikasema, "Unitoroshe." Kwa hiyo atakayekwambia kwamba yule kijana amemtorosha binti wa watu, mjibu kwamba binti ndiye aliyetoa wazo, na tiketi ya basi akakata mwenyewe.

Ndoa tuliiandikisha serikalini, kwa mkuu wa wilaya. Tangazo lilikaa ubaoni siku ishirini na moja, majina yetu yako wazi, nami kila nikilala naogopa kwamba kesho atapita mtu wa Magu ayasome. Moyoni mahali fulani, Mama, nilikuwa naomba apite.

Ila sikutaka maneno yenyewe ya ndoa niyasemee mezani, katikati ya mihuri na mafaili. Nilijiambia kwamba kama nimekosa watu, basi angalau nipate mahali. Pawe pazuri, pawe petu, pasiwe na wa kumhesabia Masatu viti. Nikaandika orodha kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, na kila Masatu alipopata nafasi kazini tukatoka kwenda kukagua.

Tulianzia kwenye yale mawe ya mjini ambayo kila mtu anapiga picha. Ilikuwa Jumamosi. Tukakuta mabibi harusi watatu kwenye foleni, kila mmoja na mpiga picha wake, na matroni mmoja anampepea wa kwake kwa bahasha ya kadi ya mchango. Ghafla nikamwona mke wa katibu wa kanisa letu amesimama pale na mkoba wake mwekundu. Nikajificha nyuma ya jiwe, mwalimu mzima, mpaka Masatu alipokuja kuniambia ameondoka. Tukaenda kwenye hoteli moja yenye bustani inayoteremka mpaka majini, nyasi zimekatwa vizuri hata unaona aibu kuzikanyaga. Msimamizi, kijana mpole, akauliza tutakuwa wangapi. Masatu akasema wanne. "Aa, kaka," akasema, "sisi tunaanzia viti hamsini." Kusikia viti tu tukatazamana, tukatoka.

Kisha tukajaribu kisiwa. Mzee Magesa alituazima boti ambayo injini yake ilikuwa kwenye majaribio, na hapo ningepaswa kufikiria mara mbili. Kisiwa kilikuwa kizuri kuliko picha zote nilizowahi kuona. Tulipomaliza kukisifu, injini ikagoma. Masatu aliifungua kipande kwa kipande, akaipanga juu ya mchanga, akairudisha, saa tatu nzima, shati limelowa jasho. Nikamwambia hapa sifungi ndoa, watakaotukuta watadhani umeniteka. Alicheka mpaka akaangusha spana majini, tukaanza kuitafuta spana.

Safari ya nne alinipeleka upande wa Kayenze. Kuna jabali pana pale, limelala tu kama mkeka uliotandikwa, linateremka taratibu mpaka linaingia ziwani. Siku hiyo lilikuwa tupu, hata kopo halikuwepo, na jiwe lina joto zuri chini ya nyayo. Nikapanda, nikatazama ng'ambo ya ghuba. Vilima vilionekana kwa mbali, rangi ya moshi. Si unajua tena mwalimu wa jiografia. Nikatafuta mashariki, nikapima kwa kidole, nikasema: pale, kushoto kwa kile kirefu, ndiko kwetu. Nyumba haikuonekana wala sikuitegemea. Lakini nilijua kwamba saa ile unaanua nguo au unawafunga mbuzi, na kwamba kati yako na mimi kuna maji tu. Nikalia, Mama. Masatu alisubiri nimalize, akasema, "Basi ni hapa."

Sasa sikia ujinga wetu. Tulilichagua jabali lile mwezi ukiwa mkubwa. Wewe mtu wa kandokando ya ziwa utakuwa umekwisha elewa na unatikisa kichwa. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, watu wanalala makwao, na mahali pa kuanikia panabaki patupu. Mimi nimesahau, miaka sita ya Newala imenitoa ziwa kichwani. Lakini Masatu, mtoto wa Majita, anayetengeneza injini za boti hizo hizo za dagaa? Ukimuuliza anasema siku ile alikuwa ananitazama mimi.

Siku yetu ilipofika, mwezi ulikuwa umekwisha. Saa nne asubuhi tulitoka kwa mkuu wa wilaya, sahihi zimewekwa, mashahidi ni Mzee Magesa na Mama Neema. Nilivaa gauni la rangi ya maziwa nililoshonesha huku Newala, na Mama Neema alikuwa amenifunga kitenge kwa juu nisilichafue njiani. Tulipofika Kayenze tulisikia harufu kabla ya kuona. Jabali lote, kutoka juu mpaka majini, lilikuwa limefunikwa dagaa. Hapakuwa hata na mahali pa kuweka kisigino.

Wanawake kama kumi hivi walikuwa wakiwageuza kwa fagio. Mmoja, mama mnene, magamba yamemng'aa mikono yote miwili, akatusimamisha.

"Nyie mnatafuta nini huku na viatu hivyo?"

"Tulitaka kufungia ndoa hapa, mama," Masatu akasema.

"Hapa? Kwenye dagaa zangu?"

"Siku ile tulikuja, palikuwa hapana kitu."

"Siku ile lini?" Masatu akaitaja. Yule mama akahesabu kwa vidole, akamtazama toka juu mpaka chini. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Majita, mama."

"Mjita asiyejua mwezi." Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mwone Mjita asiyejua mwezi."

Walicheka, na Masatu akacheka nao, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha yule mama akamtazama Mzee Magesa, akamtazama Mama Neema, akanitazama mimi na kitenge changu. Sauti yake ikashuka. "Sasa watu wako wako wapi, mwanangu?"

Swali ni lile lile, Mama, neno kwa neno. Nilimwona Masatu akitazama tena mikono yake. "Ndio hawa. Sina wengine."

Mama Nyangeta, hilo ndilo jina lake, hakumpa pole. Aliwaambia wenzake, "Haya, anueni hapo katikati."

Ilikuwa saa ya jua kali, jua lenyewe la dagaa. Dagaa mbichi akirundikwa saa hiyo anaharibika, na kila mwanamke pale alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo walifagia. Wakaacha mahali pa jiwe tupu panapotosha watu wanne kusimama. Mama Nyangeta akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akaketi chini upande wa Masatu, akaita, "Njooni tukae. Bwana harusi hana watu, leo watu wake ni sisi." Wakaja wote, wakakaa juu ya jiwe, miguu wameinyoosha, kama wako msibani au kwenye ngoma ya mtoto wao. Nilikuwa nimemwambia Masatu sitaki ukoo wa kuazima. Huu hakuna aliyeuomba.

Mzee Magesa ni mzee wa kanisa. Aliomba, sala ndefu, akamtaja mpaka bibi yake Masatu kwa jina. Tukaambiana maneno yetu. Ya kwangu sitakuandikia, hayo ni yake. Mama Nyangeta akapiga kigelegele cha kwanza, wengine wakapokea, na ndege wakaruka kutoka majini.

Hapo nikageuka, kama bibi harusi yeyote anavyogeuka kuwatafuta watu wake. Upande wa Masatu walijaa. Upande wangu palikuwa na dagaa na jua. Mimi, Mama, ambaye ukoo wetu ukiwa na msiba tu magari yanakosa pa kuegeshwa. Nilihangaika wiki nzima kutafuta mahali ambapo Masatu hataonekana hana watu, na siku yenyewe asiye na mtu nilikuwa mimi. Nikatazama ng'ambo, kwenye kile kilima. Siku hiyo anga lilikuwa na ukungu wa joto. Hakikuonekana kilima wala chochote, maji tu mpaka mwisho wa macho. Mama Neema alidhani ninalia kwa furaha, nikamwacha adhani hivyo.

Usije ukafikiri nimejuta. Masatu sijamjutia hata dakika moja. Ninachojutia ni wewe. Ule ukimya wako wa mlangoni niliufanya jibu, nikaondoka nao mpaka Newala, nikajenga juu yake ndoa nzima. Mwanafunzi wangu akinyamaza huwa namuuliza tena, hata mara tatu. Wewe sikukuuliza hata mara moja.

Kuna jambo ulinisimulia zamani, tukichuma pamba, na sidhani kama unajua kwamba nilisikiliza. Baba alipokutorosha, asubuhi yake watu wa kwao walimtuma mzee mmoja kwa Babu kwenda kusema yale maneno yanayosemwa: msimtafute, yuko kwetu. Ulisema mjumbe wa namna hiyo hakai mpaka wenye nyumba wampe kiti. Asipopewa anaondoka, na mazungumzo yameishia hapo. Yule mzee alisimama uwanjani kwa Babu tangu ng'ombe wanatoka mpaka wanarudi. Babu hakutaka hata kutazama nje. Bibi ndiye aliyechukua kigoda cha jikoni, akakipeleka, bila kumuomba mtu ruhusa. Ulisema bila kigoda kile usingerudi kwenu mpaka kufa.

Najua mjumbe huwa si mwoaji mwenyewe. Wa hivyo zamani angepigwa. Nilimwambia Masatu amtume Mzee Magesa, akakataa. Alisema, "Mzee alishakuja kwenu mara moja kwa ajili yangu, akaaibishwa. Safari hii nitajituma mwenyewe." Barua nimemtumia yeye kwa basi, naye ndiye kaifikisha mkononi mwako. Furushi alilobeba ni dagaa wa lile jabali, wale waliorundikwa pembeni. Mama Nyangeta alisema wapelekewe mama mkwe hivyo hivyo, hata kama hawakukauka vizuri. Wapitishe juani tena kabla ya kuwahifadhi. Mambo ya mahari hajayakimbia. Atakaa na wanaostahili kuyazungumza, wakati wowote mtakaomwita.

Nisalimie Shangazi Ng'wasi, anayenitumia michembe ya viazi vitamu kila mwaka. Mwambie walimu wenzangu wa huku sasa wanaipigania. Msalimie Kaka Lushinge, na baiskeli ya marehemu Baba asiiuze, nitakuja kuiendesha. Wifi yangu mwambie nimepokea picha za mtoto, pua ni ya kwetu, asibishane. Na Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu. Akikasirika ana haki yake kidogo, na likizo ijayo nitakuja kupiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa. Ila vile viti, Mama, hata nikiwa nimepiga magoti nitamwambia.

Sasa umefika mwisho wa ukurasa. Inua macho utazame nje. Atakuwa bado amesimama karibu na tanki la maji, wala hajaliegemea, maana namjua. Nilichoshindwa kuja kukwambia nilipokuwa Mwanza amekileta yeye: msinitafute, niko kwake. Siku ile mikono yako ilikuwa na sinia. Leo ina karatasi tu. Iweke chini, Mama, umtolee kiti.

Mwanao,
Kabula